Pikipiki ya Nesi Inavuja Tena

Pikipiki ya nesi ilirudi tena, na mume wangu akatabasamu kabla hata haijazimwa.

Nilikuwa kaunta, napanga plagi kwenye kopo. Duka langu la vipuri na gereji yake ni jengo moja, katikati kuna uwazi wa ukuta ambao haukuwahi kutiwa mlango. Nikikaa kwenye kiti changu naona kila kinachofanyika kule ndani: benchi la chuma, ubao wa spana, beseni la kuoshea vyuma, na mgongo wa mume wangu. Mimi watu wananiita Mama Vipuri. Yeye wanamwita Fundi, basi, kana kwamba hakuna fundi mwingine.

"Inavuja tena, kaka," nesi alisema huku akivua helmeti. "Palepale, kwenye pedeli ya gia."

"Usijali. Leo tutaimaliza."

Wiki iliyopita pia alisema tutaimaliza, na wiki iliyotangulia hiyo. Pikipiki yenyewe ni kikongwe, ya silinda moja, nesi aliachiwa na marehemu baba yake. Rangi ya tangi imelika pale yalipokuwa yakigusa magoti ya mzee, na kiti kimeshonwa mpaka uzi umekuwa mwingi kuliko ngozi. Pikipiki ya umri huo kuvuja oili si ajabu. Ajabu ni mume wangu kushindwa kuiziba.

Nesi akaja kaunta. "Wifi, za kazi?"

"Nzuri."

Wifi. Kama mume wangu ni kaka yake, basi mama mkwe wangu alijifungua kwa siri na akafanya kazi nzuri ya kuficha. Afadhali angekuwa mzuri wa kupindukia, ningejua nashindana na nini. Ni mwanamke wa kawaida, ila ana sauti ya chini, ya kumwambia mgonjwa ageuke upande wa pili, na kucha fupi zilizo safi mpaka kwenye kona. Mimi kucha zangu zina grisi ambayo hata sabuni ya unga imeikubali kuwa mwenyeji. Nikampa sili ya shafti ya gia, kile kipete cha mpira cha kuzuia oili. Ilikuwa ya tatu.

"Hii nayo isipodumu?" akauliza.

"Muulize kaka yako."

Niseme wazi kilichoniuma. Gereji hii aliianzisha baba yangu, na mume wangu alijifunza kazi mikononi mwake. Baba alikuwa na sheria moja ya pikipiki inayovuja: usishike spana. Ioshe kwanza, ikauke, ipake poda, iwashe, kisha kaa kwenye ndoo utazame. Oili hushuka. Upepo huisukuma nyuma, yale mapezi ya kupozea silinda huipeleka pembeni, na mwisho inadondoka mahali pasipohusika kabisa. Fundi wa kubahatisha hubadilisha sili pale panapodondoka. Fundi wa kweli hufuata njia ya oili mpaka juu inakoanzia. Mume wangu aliifuata sheria hiyo kwa uaminifu kiasi kwamba Baba alimkubalia anioe bila kuuliza kwao ni wapi.

Sasa fundi huyohuyo alikuwa anabadilisha sili ya gia, anaibadilisha tena, halafu anaipaka gundi ya silikoni juu yake kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Zamani akikuta gundi ya aina hiyo kwenye injini ya mtu, aliuliza ni mwashi gani aliyeitengeneza. Mtu hasahau kazi yake kwa mkupuo namna hiyo. Nilipoligeuza jambo hilo kichwani, kila nilipoligeuza lilisimama upande uleule. Hakutaka ipone. Alitaka irudi.

Na si hilo tu. Alikuwa ameacha kuniangalia. Anaongea na mimi, anacheka ninapochekesha, lakini macho yanaelekea kwenye sikio langu, au kwenye rafu iliyo nyuma yangu. Nilinunua kitambaa cha kichwa, cha njano inayopiga kelele, nikakifunga nikapita mbele yake kutwa nzima. Kimya. Aliyekisifia ni nesi. "Wifi, hicho kitambaa kimekupendeza," alisema, na mimi nikatamani kukivua nikafutie oili sakafuni.

Halafu kulikuwa na zile safari za kuijaribu pikipiki. Pikipiki ikishatengenezwa, fundi ndiye anayeipanda, anazunguka mtaa, anarudi. Hivyo ndivyo ilivyo duniani kote. Lakini ya nesi aliiendesha nesi, na mume wangu akakaa nyuma amemshika mabega, kifurushi kizima cha mwanamume. Chai yangu ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Waliporudi alisema, "Kuna mlio nilikuwa nausikiliza." Nikamwambia natumaini umeusikia vizuri.

Siku hiyo ninayoisimulia nesi alikuwa anaiacha pikipiki ili aende kazini kwa miguu, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo tu ya barabara kuu. Mteja akaniomba kebo ya klachi. Nikainama kuitafuta kwenye boksi la chini, na nilipoinuka nikatazama kwenye ule uwazi.

Walikuwa wamesimama karibu na dirisha la nyuma. Nesi alikuwa amenipa mgongo. Mkono wake ulikuwa umemshika mume wangu kidevuni, amekiinua, na uso wake ulikuwa karibu na uso wa mume wangu kiasi kwamba kati yao usingepita hata wembe. Mume wangu alikuwa ametulia kama mtoto anayenyolewa.

"Mama, kebo," mteja alisema.

Nilimpa kebo ya breki. Alirudi baadaye kuibadilisha na akaniomba radhi, maskini, kwa kosa langu mwenyewe.

Wivu si moto, kama wanavyosema. Mimi ulinishika baridi, kuanzia vidoleni. Nesi akapita kaunta, akaniaga, nikamwitikia. Nilijikaza kisabuni. Mume wangu ni mpole. Ukimgombeza bila kitu mkononi anakusikiliza tu, kama anasubiri mvua ipite, mwisho unajiona wewe ndiye mwenye kasoro. Sikutaka kugombana naye kwa maneno matupu. Nilitaka kitu cha kumwekea mezani. Na nilikuwa nimekwisha kukata kauli: nikithibitisha kwamba pikipiki ile inaachwa ivuje makusudi, namwita mwashi na ule uwazi unajengwa kwa matofali mpaka juu. Yeye abaki upande wake na wateja wake wenye kucha safi, mimi nibaki upande wangu. Ndoa nayo ingefuata ukuta.

Mchana alipokwenda nyumbani kula, nilifunga duka, nikaisukuma pikipiki mpaka kwenye mwanga wa mlango wa mbele.

Niliiosha kwa petroli kidogo na brashi, kila pezi, kila kona, mpaka injini ikawa ya rangi niliyokuwa nimeisahau. Nikaifuta na kuiacha ikauke, mvuke wote ukaondoka. Chini yake nikatandika boksi jipya lililokunjuliwa. Kisha nikatoa poda yangu mwenyewe kwenye mkoba, ile ya kujipaka shingoni, nikaimwagia injini ya mwenzangu mpaka ikawa nyeupe kama keki. Nilijiona kichekesho. Mwanamke anampaka poda hasimu wake ili ajue anapotoka jasho.

Nikapiga kiki. Kikongwe hakikubisha, kiliwaka mara moja. Nikakaa kwenye ndoo.

Kwenye sili ya gia palibaki peupe. Injini ikapata moto, mimi nikiitolea macho, na bado palibaki peupe. Halafu juu, nyuma ya silinda, mahali ambapo tangi linaficha, mstari mwembamba mweusi ukajitokeza kwenye poda. Ulishuka pezi moja, ukapinda, ukashuka pezi jingine, ukafika kwenye kiungo cha chini, ukatambaa kuelekea pedeli. Ulipofika pale kwenye sili, tone likajikusanya, likaanguka kwenye boksi.

Nikazima. Sili zote tatu alizobadilisha hazikuwa na kosa. Oili ilitoka kwenye kava ya juu, ambayo mume wangu aliifungua mwenyewe mwezi uliopita kurekebisha valvu.

Injini ilipopoa nikalegeza tangi, nikafungua bolti za kava. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kiungo, ilikuwa mpya, niliitambua, ilitoka dukani kwangu. Ilikuwa imeogeshwa gundi pande zote. Na chini yake, kwenye kona ya nyuma ya kava, kilikuwa kimeganda kipande cha gasketi ya zamani, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, cheusi juu ya aluminiamu nyeupe. Gasketi mpya ilikuwa imelala juu yake, imebenuka, imeacha njia.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza hawezi kuacha kitu kama kile. Mume wangu alikuwa na wembe wa kukwangulia nyuso hizo, na hakuridhika mpaka aone meno yake ndani. Basi ushahidi nilikuwa nao, na nitasema kweli, nilifurahi. Ile furaha mbaya, ya kukuta ulichokuwa unakiogopa na kumbe ulikuwa sahihi.

Alirudi akipiga mluzi. Nilimngojea mlangoni, jua likiwa nyuma yake.

"Hii ni nini?" Nilimshikia kava mbele ya uso, upande wenye kipande ukimkabili.

Alisita. "Kava. Umefungua pikipiki ya nesi?"

"Nakuuliza hiki kilichoganda hapa."

Aliitazama. Aliitazama vizuri kabisa, bila kupepesa. "Hakuna kitu hapo. Niliikwangua mwenyewe."

"Unanidanganya mchana kweupe."

"Sikudanganyi, mke wangu. Niliikwangua ikawa safi."

"Fundi," nikasema, na mimi huwa simwiti hivyo, "umekaa na mimi miaka yote hii, ukaona mtu wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni mimi? Unaiacha ivuje ili arudi. Kila akirudi unampanda mgongoni mnaondoka. Leo nimewaona pale dirishani, amekushika kidevu. Nimewaona. Sasa niambie tena kwamba hakuna kitu."

Akanyoosha mkono kuichukua kava, na mkono ukapita pembeni yake, ukashika hewa. Akaurudisha. Akajaribu tena polepole, akaipata ukingoni. Kisha akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye uso wa kava kuanzia mbele, akazunguka kila kona, mpaka kidole kikagota.

"Hiki," alisema. Sauti ilikuwa imemshuka.

Nilinyanyua mkono wangu mbele yake. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Usinifanyie hivyo."

"Vingapi?"

"Mama, nimekuomba."

Nikaushusha mkono. Mambo yote niliyokuwa nimeyapanga vizuri upande mmoja yalianza kuhama yenyewe kwenda upande wa pili: gundi, macho yanayotazama sikio langu, kitambaa cha njano, vitu alivyokuwa anavipeleka kwenye mwanga akilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu. Nikakaa tena kwenye ndoo.

"Ni ukungu," alisema. "Ulianza jicho hili, ukahamia na hili. Nesi anasema ni mtoto wa jicho. Anasema wanautoa, mtu anaona."

"Nesi anasema."

"Alinipa ufunguo akaona naupapasa. Hakuniuliza mbele yako. Pale dirishani alikuwa ananitazama jicho kwenye mwanga, na zile safari alikuwa ananipeleka kwa daktari wa macho, hospitali kubwa ya mjini. Siwezi kuendesha. Magari nayasikia tu."

"Na mlio uliokuwa unausikiliza?"

"Hakukuwa na mlio."

Mtu mwenye moyo mzuri angelia hapo, angemkumbatia, angeomba msamaha. Mimi nilikuwa na jambo moja tu lililonikwama kooni, na lilipotoka lilitoka jinsi lilivyo.

"Kwa hiyo yeye alijua kwanza."

"Sikumwambia. Aliona."

"Mimi nakaa pale kwenye kiti, nakutazama kutwa, na sikuona?"

"Wewe ulikuwa unamtazama yeye," alisema. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniingia mpaka mfupani.

Mpita njia alituuliza kama duka limefunguliwa, nikamwambia limefungwa, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza baadaye.

Akaigeuza kava mikononi. "Yeye akinionea huruma, anapanda pikipiki yake anaondoka. Wewe ungebaki humu na huruma yako asubuhi na jioni. Ungeacha kunigombeza. Ungeanza kunishika mkono kwenye ngazi. Na wateja wangejua kupitia uso wako, maana wewe uso wako hauna kifuniko."

"Nisingeacha kukugombeza."

"Naona."

Tuliitengeneza pamoja. Nilikwangua kile kipande kwa wembe, yeye akapitisha kidole nyuma yangu, akasema bado hapa, bado hapa, na kweli kilikuwa bado, kitu ambacho mimi mwenye macho sikukiona. Gundi yote tukaiondoa. Tukaweka gasketi kavu, akakaza bolti mwenyewe kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa mkono usiohitaji kutazama. Tukaosha tena, tukapaka poda tena, tukawasha. Yeye alikaa kwenye ndoo, mimi nikachuchumaa karibu yake nikimsimulia: juu peupe, katikati peupe, kwenye pedeli peupe.

"Boksi?"

"Kavu."

Jioni nesi alikuja kuchukua pikipiki yake. Alipoona nyuso zetu alielewa, akasimama kwenye kizingiti akiwa ameshika helmeti kwa mikono miwili.

"Kesho ndiyo siku ya kupimwa kwa ajili ya upasuaji," nikamwambia. "Ameniambia. Pikipiki itabaki hapa mpaka kesho. Nampeleka mimi."

"Wifi, unaweza kuendesha?"

"Baba yangu alinifundisha kabla hajamfundisha huyu kushika spana."

Akatabasamu, akanipa helmeti. Hakuna alichokosea. Nilimtafuta kosa usoni, nikalikosa, nikazidi kukasirika. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Anaogopa ile taa ya daktari. Ikimkaribia, mshike mkono wa kushoto."

Wa kushoto. Mimi mke wake sikujua kwamba anaogopa taa, wala kwamba kuna mkono unaofaa zaidi ya mwingine. Nilimshukuru. Neno lilipita kooni kama kidonge kisicho na maji.

Asubuhi nilipanda mbele, yeye akapanda nyuma. Mikono yake ikatua mabegani mwangu.

"Kwa nesi ulishika wapi?"

"Chuma cha nyuma."

"Nilikuona."

"Basi mabega."

"Kwangu shika kiuno."

Akashika kiuno. Tulitoka taratibu, kikongwe kikinguruma vizuri chini yetu, na nilipotazama kwenye pedeli ya gia palikuwa pakavu. Kwenye barabara kuu magari yalitupita karibu, nikahisi anavyojikaza kila moja linapopita. Tuliposimama kwenye taa nyekundu alisogeza mdomo karibu na helmeti yangu.

"Umekifunga kile cha njano?"

Nilikuwa nimekifunga shingoni. "Umekionaje?"

"Sikukiona. Nesi ndiye aliniambia kwamba kimekupendeza. Kila akija huwa namuuliza umevaa nini."

Kila akija. Kumbe lile tabasamu, kabla hata injini haijazimwa, lilikuwa linangojea habari zangu, na mwanamke mwingine ndiye aliyekuwa anazileta. Sikujua niruke kwa furaha au nishuke nimwache hapohapo katikati ya barabara. Taa ikabadilika, gari la nyuma likapiga honi, na mimi bado nimeganda.

"Kuanzia leo uniulize mimi," nikasema.

"Haya. Umevaa nini?"

"Kitambaa cha njano. Blauzi nyeupe, ile yenye vifungo vikubwa. Na nimenuna."

"Hilo la kununa nimeliona," alisema, akakaza mikono kiunoni mwangu, nami nikatia gia.